Mabwawa ya wazi ya mwani wa nishati kwa gharama ndogo: maswali mnayouliza sana

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza tena na tena kuhusu kujenga mabwawa ya nje ya kukuzia mwani kwa ajili ya mafuta au gesi. Nimejibu nikimfikiria mtu mwenye kiwanja, mafundi wawili watatu na hela ya kuhesabu. Namba nyingi nimezipiga kwa bwawa la mita za mraba 1,000, yaani kama robo eka, maana hiyo ni saizi ambayo mtu yeyote anaweza kuiona kichwani.

Huu ni mwani ule wa baharini wa Paje na Jambiani kule Zanzibar?

Hapana. Ule wa kwenye kamba unaoshika mkononi unaenda kutengeneza karajinani, kitu cha kugandishia vyakula viwandani. Hapa tunaongelea mwani mdogo wa chembe moja moja ambao huuoni kwa macho mpaka uwe mwingi kiasi cha kubadilisha rangi ya maji, ule ukijani wa tenki lililoachwa wazi juani. Chlorella, Scenedesmus, Pediastrum, hao ndo wenyeji wa mabwawa ya maji baridi.

Robo eka itanipa lita ngapi za dizeli?

Tuanze hapa kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Bwawa la wazi linaloendeshwa vizuri sehemu yenye joto linatoa gramu 10 hadi 15 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku, ukichukua wastani wa mwaka mzima. Kuna siku utaona 25 na zaidi, hizo ndo namba zinazowekwa kwenye matangazo, lakini bwawa linaishi kwa wastani. Kwahiyo robo eka kwa gramu 15 ni kilo 15 kwa siku, na mafuta ndani ya mwani wa kawaida tuseme asilimia 20, hiyo ni kilo 3, lita tatu na kidogo, tena kabla hujapoteza chochote kwenye kukamua.

Lita tatu kwa siku kutoka robo eka ni nyingi kuliko zao lolote la shambani, mbono kaburi haufiki hata karibu, lakini kwa mtu aliyechukua mkopo ni lita tatu tu. Ndo maana nasema wazi kwamba bwawa lililojengwa kwa ajili ya mafuta peke yake halijilipi, na mbele utaona wapi hela inaweza kutoka.

Sasa kama ni hivyo kwanini makampuni makubwa yaliingia?

Waliingia wakati mafuta ghafi yana bei kubwa na kila mtu anatafuta njia. Serikali ya Marekani ilishalifanyia kazi jambo hili mapema, mradi wao wa viumbe wa majini ulianza 1978 ukafungwa 1996, ulitumia kama dola milioni 25, wakakusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani na wakajenga mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja pale Roswell, New Mexico, moja likiwa na plastiki chini na lingine udongo mtupu. Siku nzuri waliona hadi gramu 50 kwa mita ya mraba, lakini wastani ulikuwa kama gramu 10 kwasababu usiku wa jangwani ni baridi. Kitu kimoja walichothibitisha ni kwamba kwa nishati ya bei ndogo bwawa la wazi ndo lenye nafasi, mitambo ya mabomba na vioo inafaa dawa na vipodozi vinavyouzwa ghali.

Baadaye ikaja Sapphire Energy na mabwawa yao makubwa kule Columbus, New Mexico, ikaishia kuuzwa 2017. ExxonMobil nao waliingia 2009 na Synthetic Genomics kutafuta mwani wenye mafuta mengi, miaka ikapita wakajitoa. Sio kwamba mwani haukui, unakua vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba mafuta ni bidhaa ya bei ndogo sana, na kila hatua ya kuyafikia, kutoka kuchimba bwawa mpaka kukausha, inakula senti ambazo bidhaa yenyewe haina.

Nani basi anafanikiwa na mabwawa ya wazi?

Wapo wanaouza chakula, kwa mfano spirulina ya Earthrise kule California na Cyanotech kule Hawaii, na Australia ya Magharibi wapo wanaofuga Dunaliella kwenye madimbwi makubwa ya chumvi pale Hutt Lagoon kwa ajili ya beta-karotini, madimbwi yasiyo na hata gurudumu la kuchanganya, ni upepo tu. Alafu wapo wanaosafisha majitaka, na hili ndo kundi ninalotaka uliangalie sana. Kule Chiclana, kusini mwa Hispania, mradi wa All-gas ulikuza mwani kwenye majitaka ya mji, ukaubadilisha kuwa gesi, na gesi hiyo ikaendesha magari. New Zealand nao, pale Christchurch, walijenga mabwawa ya aina hii ya hekta 5 kwenye kituo cha majitaka.

Hapo maji machafu yanaleta mbolea bure, kazi ya kusafisha inalipiwa na mji au kiwanda, na nishati inabaki kuwa faida ya juu. Kama una machinjio, kiwanda cha maziwa, shule ya bweni au mamlaka ya maji inayohangaika na majitaka, wewe uko karibu na mlango kuliko mtu mwenye eka mia na hela ya yuria.

Si tuna tayari mabwawa ya majitaka ya kijani, ya nini kujenga mengine?

Swali zuri sana hili. Ruai kule Nairobi, Vingunguti pale Dar, Mabogini kule Moshi, maji ni kijani kwasababu mwani uko kazini, unatoa oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu. Lakini mabwawa yale ya mwani yana kina cha mita moja au moja na nusu na hayachanganywi, mwanga unaishia juu, chini ni giza, na mwani wenyewe unaondoka na maji bila mtu kuuvuna. Ukilifanya bwawa hilo hilo kuwa na kina kifupi, likachanganywa taratibu na mwani ukavunwa mwishoni, unapata maji masafi zaidi kwenye eneo dogo zaidi na unabaki na kitu mkononi. Profesa William Oswald wa Berkeley, California, alianza kuhubiri hili tangu miaka ya 1950 na mpaka leo mchoro wake ndo unatumika.

Huo mchoro ukoje?

Mfereji mmoja unaozunguka na kurudi ulipoanzia, wenye ukuta mwembamba katikati na gurudumu la makasia sehemu moja linalosukuma maji. Watu wanauita reswei. Kwa robo eka piga picha ya kiwanja cha mita 10 kwa 100, ukuta katikati, kila upande mfereji wa mita 5, maji yanasafiri kama mita 200 kumaliza duru. Kina sentimita 20 hadi 30. Ukizidisha hapo unabeba maji mengi yasiyo na mwanga na unayalipia kuyasukuma na kuyavuna, ukipunguza sana bwawa linachemka mchana, linapoa usiku, na mteremko wa sakafu wa sentimita tano tu unafanya upande mmoja ukauke.

Ndo maana levo ni kila kitu. Tumia mpira mwangavu wenye maji, ule mafundi wanaoutumia kwenye misingi ya nyumba, na pima kila mita tano, sio kila kona. Sentimita mbili tatu juu au chini vumilia, zaidi ya hapo rudisha kifusi mshindilie upya. Fundi atakwambia maji yatajisawazisha yenyewe, ni kweli yatajisawazisha kwa juu, lakini kina ndo hakitakuwa sawa na matope yatalala pale penye shimo.

Chini niweke nini, saruji, nailoni au udongo?

Hapa ndo gharama ya bwawa inapoamuliwa. Saruji sahau kwa eneo zima, weka tu chini ya gurudumu na kwenye kona. Nailoni nzito ya bwawa, ile ya HDPE ambayo Kenya wanaiita dam laina, ni nzuri, haivuji, ni laini na inasafishika, ila kwenye eneo kubwa ndo inageuka kuwa moja ya gharama kubwa kuliko zote za ujenzi, na mahesabu mengi ya mwani wa nishati yanafia hapo.

Kama ardhi yako ina mfinyanzi, udongo ulioshindiliwa unatosha. Chukua udongo wa kina cha nusu mita, ulowanishe, ukande, uviringishe mkononi uwe kama penseli alafu uukunje uwe pete. Ukikunjika bila kupasuka una bahati. Chimba shimo dogo, lijaze maji jioni, lijaze tena kesho yake maana la kwanza litanywewa na ardhi kavu, alafu siku ya tatu ndo upime maji yanashuka kiasi gani, ukitoa yale yanayokwenda na jua. Bwawa la majitaka lina bahati nyingine, matope yake yenyewe yanaziba vitundu kadri muda unavyoenda. Kingo zilaze, mita mbili kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kwenda juu, na panda nyasi fupi upande wa nje tu.

Penye mchanga au penye kisima cha watu karibu usibahatishe, weka nailoni, hasa kama ni majitaka. Maji ya kunywa ya jirani sio sehemu ya kubana matumizi.

Gurudumu linakula umeme kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, ilimradi hujazidisha kasi. Kwa ule mfereji wetu wa mita 5, kina sentimita 25, nailoni chini, maji yakienda sentimita 20 kwa sekunde, kinachohitajika ni kuyainua milimita 16 hivi tu ili yazunguke duru nzima. Nusu ya hiyo inaliwa na msuguano wa sakafu na nusu na zile kona mbili. Nguvu ya maji yenyewe ni kama wati 40, gurudumu na mota vikipoteza zaidi ya nusu unavuta wati 100 kwenye mita, uniti 2.4 kwa masaa 24. Sakafu ikiwa ya udongo ni karibu mara mbili.

Sasa mtu anapandisha kasi mpaka sentimita 30 kwasababu maji yakienda haraka yanapendeza. Nguvu inapanda kwa mchemraba wa kasi, kwahiyo wati 100 zinakuwa karibu 340, uniti 8 kwa siku, na mwani hauongezeki kiasi hicho. Kasi inayotosha ni ile ambayo mwani hautulii chini na joto linachanganyika, sentimita 15 hadi 20 inafanya kazi. Usiku shusha zaidi, ukienda nusu ya kasi unatumia sehemu moja ya nane tu ya umeme. Pima kwa chungwa: lirushe kwenye mfereji, hesabu sekunde za kupita mita 10, zikiwa 50 uko kwenye sentimita 20.

Siwezi kutumia pampu ya kisima?

Usifanye hivyo. Kwenye bwawa hili unasogeza lita 250 kila sekunde kwa kuziinua milimita chache, pampu imeumbwa kuinua maji machache mbali juu. Itakula umeme, na inavunjavunja yale mabonge ya mwani ambayo ungependa yatulie yenyewe wakati wa kuvuna. Gurudumu la makasia linatengenezwa na fundi welda yeyote: ekseli ya bomba la chuma, makasia sita au manane ya plastiki au mbao, kipenyo mita moja na kidogo, beringi zikae juu mbali na maji. Sakafu chini yake ifuate duara, uwazi wa sentimita moja mbili, ukiacha uwazi mkubwa maji yanarudi nyuma kwa chini na unazungusha bure. Linatakiwa kuzunguka mara 5 hadi 15 kwa dakika, mota ya kawaida inakwenda 1,400, kwahiyo giaboksi ni lazima, na mnyororo wa pikipiki na sproketi zake unamalizia kazi kwa bei ndogo na spea ziko kila mtaa.

Kwenye kona matope yanajaa, nifanyeje?

Angalia vizuri yanapojaa: sio kwenye ukuta wa nje, ni ndani, pale ukuta wa katikati unapoishia, upande ambao maji yametoka kugeuka. Maji yakigeuka yanakimbilia nje, nyuma ya ncha ya ukuta panabaki duara dogo linalojizungusha lenyewe na kila kitu kinazama pale. Mwani uliozama unaoza, unatoa harufu ya mayai viza na unachafua bwawa zima. Weka bati au nailoni ngumu zilizopinda, mbili tatu, kuyaongoza maji yageuke pamoja, au nenepesha ncha ya ukuta iwe na umbo la tone. Bati zigharimiwe mwanzoni, ukisubiri bwawa lijae maji ndo uanze kufunga utateseka.

Lazima niweke hewa ukaa?

Inategemea. Kila kilo moja ya mwani mkavu inatengenezwa kwa kama kilo 1.8 za hewa ukaa, kwahiyo kilo 15 zinataka kilo 27 kwa siku, na ile inayoingia yenyewe kutoka hewani haitoshi. Dalili ya njaa utaiona mchana, saa nane hivi pH (kipimo cha tindikali na magadi kwenye maji) imepanda hadi 10 na zaidi, bwawa linatoa viputo vya oksijeni lakini ukuaji umesimama.

Ukiwa na majitaka bakteria wanatoa sehemu ya hewa hiyo, sio yote. Chanzo cha bei ndogo zaidi ni moshi wa jenereta yako ya bayogesi, hewa ukaa inayotoka wakati wa kusafisha gesi, au jirani mwenye kiwanda cha pombe kinachochachusha. Kuna sehemu gesi hii inatoka ardhini yenyewe, Kereita kule Kiambu na Rungwe kule Mbeya inachimbwa na kuuzwa, lakini ya kununua kwenye mitungi kwa ajili ya nishati haina hesabu kabisa.

Kosa la kawaida ni kuipuliza kwenye kina cha sentimita 25, kiputo kinafika juu kabla hakijayeyuka. Chimba shimo linalokata mfereji, kina mita moja hadi moja na nusu, weka ubao katikati maji yalazimike kushuka na kupanda, pulizia chini upande yanaposhuka. Roswell walipofanya kwa umakini zaidi ya asilimia 90 ya gesi ilitumika. Fungua koki pH ikipita 8.5, funga ikishuka 7.5, basi.

Mbolea je?

Kama huna majitaka, jiandae. Mwani unabeba naitrojeni kama asilimia 7 ya uzito wake, kilo 15 kwa siku ni kama kilo moja ya naitrojeni, yaani kilo mbili na kidogo za yuria. Mfuko wa kilo 50 unaisha ndani ya wiki tatu na siku chache, bado fosforasi. Piga mwenyewe hesabu ya bei ya yuria dukani dhidi ya lita tatu za mafuta. Tope linalotoka kwenye mtambo wa bayogesi linarudisha sehemu kubwa ya mbolea hiyo bwawani, ila lina rangi nyeusi inayozuia mwanga, lipunguze makali kwa maji na uliingize kidogo kidogo asubuhi.

Maji yanayopotea na jua ni mengi?

Ni mengi kweli. Sehemu kavu yenye upepo inapoteza milimita 6 kwa siku kirahisi, kwa robo eka hizo ni lita 6,000 kila siku, na chumvi inabaki nyuma inazidi kuwa kali. Maji ya bomba ya kulipia yanaua mradi, ya kisima matamu ambayo watu wanahitaji kunywa hayafai kimaadili. Majitaka, au maji ya chumvi ambayo hayana mtu wa kuyagombania, hapo sawa. Masika nayo inakuja kinyume, acha kingo ziwe juu ya maji kwa sentimita 30 na uwe na mlango wa kufurika wenye wavu unaopeleka maji kwenye tenki la kutulizia, sio kwa jirani.

Nipande mwani gani?

Kwenye majitaka usinunue mbegu, utakaokuja wenyewe ndo unaoshinda. Unachoweza kufanya ni kuchagua kwa ujanja: mwani unaotulia chini haraka, rudisha sehemu yake bwawani kila siku. Watafiti wa New Zealand walifanya hivyo na Pediastrum, aina yenye mabonge makubwa, ikatawala bwawa na uvunaji ukawa rahisi. Ukinunua aina ya maabara yenye mafuta mengi, kwenye bwawa la wazi wenyeji wataimeza ndani ya wiki chache, alafu tena mwani unatunza mafuta mengi pale unapokosa naitrojeni, na ukikosa naitrojeni haukui, kwahiyo huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja.

Spirulina ni habari nyingine. Inapenda maji ya magadi yenye pH karibu 10, wavamizi wengi hawaiwezi hali hiyo, ndo maana iliweza kutawala Nakuru, Bogoria na Natron ikalisha heroe kwa maelfu. Nakuru ilipojaa maji chumvi ikapungua, na heroe wengi wakahama. Lakini spirulina ina mafuta kidogo na inauzwa kama chakula kwa bei ambayo nishati haiwezi kuifikia, ukiwa nayo iuze, usiichome.

Jana bwawa lilikuwa kijani, leo maji meupe. Nimeibiwa?

Umeliwa. Wadudu wadogo wa majini kama viroboto-maji na rotifa wanaweza kusafisha bwawa kwa siku chache tu. Chukua glasi ya maji, iangalie kwenye mwanga wa jua, vidoa vinavyorukaruka ndo hao. Kwenye majitaka yenye amonia, funga hewa ukaa mchana pH ipande, amonia inageuka kuwa sumu kwao, masaa machache yanatosha, usiache siku nzima maana na mwani unaumia. Ikishindikana mwaga sehemu kubwa uanze na akiba, kwahiyo siku zote kuwa na bwawa dogo la mbegu pembeni. Hadubini ya bei ndogo ya shule itakuokoa sana hapa kwasababu utawaona siku mbili tatu kabla ya maji kubadilika.

Na mbu?

Maji yanayotembea hawayapendi. Wanakaa kwenye nyasi za ukingoni na kwenye kona iliyolala, kwahiyo fyeka kingo za ndani. Sato usiweke kwenye bwawa la mwani, atakula mazao yako, muweke kwenye bwawa la mwisho la maji yaliyosafishwa.

Kuvuna ndo kunanishinda, maji ni mengi mno.

Hapo ndo penye mradi wenyewe, wengi wanapachukulia kama kitu cha baadaye. Bwawa la wazi lina nusu gramu ya mwani kwa lita, wakati mwingine chini ya hapo. Kupata zile kilo 15 unashughulikia lita 30,000 kila siku. Mashine ya kuzungusha kwa kasi ukiipitishia maji yote hayo, umeme wake unakula faida yote.

Tenki la koni ndo mwanzo, maji yaingie taratibu yakae masaa machache, mwani ushuke chini, juu yatoke maji safi. Ukigoma kushuka saidia: shabu inafanya kazi haraka lakini unabaki na alumini kwenye tope, chokaa inafanya kazi ukipandisha pH kuelekea 11, na mbegu za mlonge zilizosagwa zinakamata mwani vizuri bila kuacha madini, kwa bwawa dogo napendelea hizo. Jaribu kwanza kwenye ndoo za lita 10 na vipimo tofauti, kabla ya kumwaga kitu kwenye tenki. Tope linalotoka lina mwani asilimia 2 au 3, lichuje kwenye vitanda vya mchanga au kitambaa kama unataka zito zaidi.

Alafu nikaushe?

Kwa moto, hapana. Uji wa asilimia 10 wenye kilo 15 za mwani una kilo 135 za maji. Kuyavukiza kunahitaji karibu uniti 97 za nishati, wakati kilo 15 zote za mwani zina kama 85 ndani yake. Umeshapata hasara hata kabla ya kukamua. Jua ni bure lakini linataka eneo na mvua haikuulizi.

Ndo maana kwa mtu wa saizi yetu mwani uende ukiwa mbichi kwenye mtambo wa bayogesi. Kilo 15 kwa siku zinatoa kama mita za ujazo 5 za gesi, familia tatu nne zinapika, au jenereta inasukuma gurudumu na inabaki. Mwani peke yake una naitrojeni nyingi sana, amonia inawalemaza bakteria wa gesi, kwahiyo changanya na kitu cha kaboni kama mabua yaliyokatwakatwa, maganda ya ndizi, karatasi. Na ukuta wa chembe za mwani ni mgumu, wape muda mrefu kidogo kuliko samadi.

Vibali vipo?

Vipo. Tanzania utapita NEMC kwa tathmini ya mazingira na bodi ya bonde kwa maji, Kenya ni NEMA na WRA. Ukigusa majitaka, mamlaka ya maji ya mji iwe mshirika tangu mwanzo. Na weka uzio, maji ya sentimita 25 yanamzamisha mtoto, na lile shimo la hewa ukaa lina kina cha mtu mzima kushuka akazimia, gesi hiyo ni nzito inalala chini. Asishuke mtu peke yake hata likiwa kavu.

Nianze na ukubwa gani, na nipime nini?

Bwawa la mita za mraba 10 hadi 20, lenye gurudumu dogo, uliendeshe mwaka mzima upite masika na upite baridi ya Juni na Julai. Asubuhi na saa nane mchana andika joto, pH na kina, alafu shusha sahani nyeupe kwenye kijiti uandike inapotea kwenye sentimita ngapi, ikizidi kuonekana chini zaidi kuliko jana kuna kitu kinakula mwani wako. Mara moja kwa wiki peleka lita moja maabara wapime uzito mkavu. Kiasi ulichovuna, gawa kwa eneo, gawa kwa siku. Ukipata chini ya gramu 8 kwa wastani usipanue, tafuta kwanza ni hewa ukaa, ni kona, ni wadudu au ni baridi, na akija mtu na mashine yake ya kukuuzia muulize namba hiyo hiyo, ya mwaka mzima, kwenye bwawa la nje, sio ya chupa ya maabara.